Madaraja ya Pikapu na Sheria za Usalama Nchini Marekani

Anayetaka kununua pikapu mpya nchini Marekani akishachagua kampuni na ukubwa wa gari, hubaki na uamuzi wa tatu ambao mara nyingi humgharimu zaidi ya yale mawili ya kwanza, nao ni uamuzi wa daraja, yaani toleo la gari hilohilo kulingana na vifaa na anasa zilizomo. Ford F-150, ambayo ukoo wake wa F-Series umeongoza mauzo ya pikapu nchini humo tangu 1977, huanzia daraja la XL, hupanda hadi XLT, kisha Lariat, kisha King Ranch na Platinum. Ram 1500 huanzia Tradesman na kupanda hadi Limited na Tungsten. Chevrolet Silverado huanzia WT, yaani pikapu ya kazi, na kupanda hadi High Country. Toyota Tundra ina daraja linaloitwa 1794, ambao ni mwaka wa kuanzishwa kwa ranchi ambayo kwenye ardhi yake kimejengwa kiwanda cha Toyota mjini San Antonio, Texas. Injini huweza kuwa ileile, chesisi ileile, na mstari wa kiwandani uleule, lakini tofauti ya bei kati ya daraja la chini na la juu huweza kutosha kununua gari jingine.

Napenda pikapu, na orodha za madaraja yake nimezisoma kwa miaka mingi kwa hamu ileile ambayo wengine husoma habari za mpira. Kinachonishughulisha zaidi siku hizi si viti vya ngozi wala ukubwa wa skrini ya dashibodi. Katika orodha zilezile, mstari mmoja chini ya rimu na spika za muziki, huorodheshwa taa, kamera, breki na vifaa vingine ambavyo kazi yake ni kuzuia mtu asife. Kwa nini kitu cha namna hiyo kiwe katika daraja moja na kisiwe katika jingine? Nimelifuatilia swali hilo kwa muda mrefu, na kila mara jibu limenipeleka kwenye utawala: daraja la gari huuza usalama pale tu ambapo serikali imeacha usalama uuzwe.

Msingi wa sheria za Marekani katika jambo hili uliwekwa tarehe 9 Septemba 1966, Rais Lyndon Johnson alipotia saini sheria ya taifa ya usalama wa magari. Kabla ya hapo serikali ya shirikisho haikuwa na mamlaka ya kuiambia kampuni jinsi ya kuunda gari. Kwa sheria ya shirikisho, mkanda wa kiti na usukani usiomchoma dereva kifuani yalikuwa mambo ya hiari ya mwenye kiwanda. Kutokana na sheria hiyo ndipo kikatokea chombo cha usimamizi, ambacho tangu 1970 kinaitwa NHTSA na kiko chini ya Wizara ya Uchukuzi. Utaratibu wake una upekee ambao msomaji anapaswa kuujua. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, aina ya gari hukaguliwa na kuidhinishwa na mamlaka kabla ya kuuzwa. Marekani, kampuni yenyewe ndiyo hutoa thibitisho kwamba gari lake linakidhi viwango, na NHTSA huja baadaye, hununua magari kama mnunuzi yeyote, huyapima, na ikikuta kasoro huagiza yarudishwe kutengenezwa. Utaratibu huo huenda kwa kasi, lakini nguvu yake hutegemea kabisa ubora wa viwango vilivyoandikwa. Jambo ambalo halikuandikwa halipimwi.

Kwa muda mrefu, mengi hayakuandikwa kwa ajili ya pikapu. Viwango vingi vya mwanzo vililenga magari madogo ya abiria, kwa dhana kwamba pikapu ni chombo cha shamba na cha fundi. Egemeo la kichwa juu ya kiti, ambalo huikinga shingo gari linapogongwa kwa nyuma, lilikuwa sharti kwa magari ya abiria tangu mwanzo wa 1969, lakini kwa pikapu na malori mepesi likawa sharti Septemba 1991. Zaidi ya miaka 20 ilipita kati ya sharti moja na jingine, wakati shingo ya anayeendesha pikapu haina tofauti yoyote na ya anayeendesha gari dogo. Mifuko ya hewa ya mbele nayo ililetwa kwa mpangilio huohuo, magari ya abiria kwanza na pikapu nyepesi mwaka mmoja baadaye. Hata sasa, sharti hilo la mifuko ya hewa lina mpaka wa uzito: gari ambalo uzito wake wa juu unaoruhusiwa likiwa na mzigo unazidi pauni 8,500, yaani karibu kilo 3,860, haliko ndani yake. Zile pikapu kubwa za kazi nzito, zinazovuta trela na kubeba mitambo, huangukia nje ya mpaka huo.

Kamera ya nyuma ndiyo mfano unaonigusa kuliko yote, kwa sababu unaonyesha hatua kwa hatua jinsi kifaa kinavyoshuka kutoka daraja la juu hadi la chini, na gharama ya kila mwaka wa kuchelewa. Pikapu ina eneo kubwa la nyuma ambalo dereva halioni, na anayesimama humo akiwa mfupi, hasa mtoto, hupotea kabisa machoni pa aliye kwenye usukani. NHTSA ilikadiria kwamba ajali za kurudi nyuma za magari mepesi ziliua watu wapatao 210 kila mwaka, na kwamba karibu theluthi moja yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mara nyingi aliyeshika usukani alikuwa mzazi au jamaa wa mtoto, nyumbani kwao wenyewe. Bunge la Marekani lilipitisha sheria kuhusu jambo hili, ikatiwa saini na Rais George W. Bush mwezi Februari 2008, na sheria hiyo ikapewa jina la mtoto mdogo aliyekufa kwa namna hiyo.

Sheria iliipa wizara hadi 2011 kutoa kanuni. Mwaka huo ukapita. Tarehe ikasogezwa mbele, ikasogezwa tena, huku hesabu za gharama kwa kila gari zikipimwa dhidi ya idadi ya vifo, na katika muda wote huo kamera ziliendelea kuuzwa kama sehemu ya vifurushi vya madaraja ya juu, pamoja na skrini kubwa na mfumo wa ramani. Aliyetaka kuona kilicho nyuma ya pikapu yake alilazimika pia kununua vitu asivyovihitaji. Mwaka 2013 wazazi na watetezi wa watumiaji waliishtaki wizara kwa kuchelewesha kanuni iliyoamriwa na sheria. Kanuni ikatolewa mwishoni mwa Machi 2014, na kuanzia tarehe 1 Mei 2018 kila gari jipya jepesi, likiwemo la daraja la chini kabisa lenye viti vya kitambaa, lilitakiwa kumwonyesha dereva eneo la nyuma lenye upana wa takriban mita tatu na urefu wa mita sita. Kutoka saini ya Rais hadi siku hiyo ilikuwa miaka 10 na miezi kadhaa. Leo hakuna anayeitaja kamera ya nyuma kama sababu ya kununua Lariat badala ya XL, na hilo kwangu ni ushindi mkubwa, ingawa ulikuja umechelewa.

Mfumo wa kielektroniki unaolizuia gari kuteleza na kupinduka ulipita njia fupi zaidi: kanuni ilitolewa 2007, na kufikia magari ya mwaka wa 2012 ulikuwa ndani ya kila pikapu nyepesi mpya. Pikapu tupu isiyo na mzigo nyuma huteleza kwa urahisi kwenye barabara yenye maji, hivyo faida yake haikuhitaji maelezo marefu.

Ugumu huanza pale ambapo tofauti haionekani hata kwenye orodha ya vifaa. Ford ilipoileta F-150 ya 2015 yenye bodi ya alumini, taasisi ya IIHS, ambayo hugharimiwa na kampuni za bima na si chombo cha serikali, iliipima kwa kugonganisha robo tu ya upande wa mbele wa gari kwenye kizuizi kwa mwendo wa kilomita 64 kwa saa. Jaribio hilo, ambalo IIHS ililianzisha 2012, ni gumu kwa sababu nguvu yote huikwepa mihimili mikuu ya chesisi na kuliendea gurudumu na miguu ya dereva. Pikapu ya dabo kebini ilipata alama ya juu kabisa. Ile ya kebini iliyorefushwa, yenye milango midogo nyuma, ilipata alama ya chini, kwa sababu sehemu ya mbele ilisukumwa kwa kina ndani ya nafasi ya dereva. Kampuni ilikuwa imeongeza vyuma vya kulizuia gurudumu kwenye chesisi ya dabo kebini, aina inayopendwa zaidi na familia, na haikufanya hivyo kikamilifu kwa aina nyingine. Taasisi ilipoliweka wazi jambo hilo, vyuma vikaongezwa kwa magari ya 2016.

Naitafakari habari hii mara kwa mara. Hakuna sheria iliyovunjwa, kwa kuwa sheria ya Marekani haidai jaribio hilo. Mnunuzi aliyesimama mbele ya magari hayo mawili angeona gari moja, jina moja, nembo moja, na labda hata herufi zilezile za daraja. Vyuma viko chini, ndani, mahali ambapo hakuna mtu anayeangalia siku ya kununua. Pia nataka tukumbuke ni nani huendesha pikapu za kebini ndogo na za madaraja ya chini. Mara nyingi ni fundi umeme, mjenzi, mfanyakazi wa shamba au wa halmashauri ya mji, ambaye gari lake limeagizwa kwa jumla na mwajiri aliyelinganisha bei. Mtu huyo hakuchagua daraja. Hoja ya kwamba kila mmoja ana uhuru wa kununua usalama anaoutaka haimhusu, kwa sababu yeye hakuwa mezani uamuzi ulipofanywa, na kiti atakachokalia saa nane kwa siku kilichaguliwa na mwingine.

Taa za mbele zinathibitisha jambo hilohilo kwa wazi zaidi. Oktoba 2016 IIHS ilitoa matokeo ya taa za pikapu 11, na ni moja tu, Honda Ridgeline, iliyopata alama nzuri. Hata hiyo iliipata katika madaraja yake ya juu tu, yenye taa za LED. Madaraja ya chini ya Ridgeline hiyohiyo yalipata alama mbaya. GMC Sierra ilionekana ya kuridhisha, na nyingine hazikufika hapo. Taa za kawaida za Chevrolet Colorado ya daraja la msingi zilimulika upande wa kulia wa barabara iliyonyooka kwa umbali wa takriban mita 37, ilhali zile bora za Ridgeline zilifika takriban mita 109. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hupita mita 37 kwa muda unaozidi sekunde moja kidogo. Dereva hawezi, kwa sekunde hiyo, kumwona mtu, kuamua, na kusimamisha pikapu ya tani mbili. Taa zote hizo zilikuwa halali, kwa kuwa kiwango cha serikali hupima mwangaza unaotoka kwenye taa yenyewe, na hakipimi sana jinsi barabara inavyoonekana taa ikishafungwa kwenye gari.

Tiba iliyotumika hapa ilikuwa ya nje ya serikali. Kuanzia 2020, IIHS iliweka sharti kwamba gari haliwezi kupata tuzo yake ya juu kabisa ya usalama mpaka taa nzuri au za kuridhisha ziwe katika madaraja yake yote, hata la bei ya chini. Kampuni zinazopenda kuitangaza tuzo hiyo zikaanza kuzishusha taa bora hadi chini. Ni njia yenye akili, na inastahili sifa. Inafaa pia kujua kwamba William Haddon, aliyekiongoza chombo cha kwanza cha serikali cha usalama wa magari baada ya sheria ya 1966, ndiye aliyehamia IIHS mwaka 1969 na kuigeuza kuwa kituo cha utafiti wa ajali. Elimu ileile ilihamia upande wa pili wa meza. Hata hivyo, taasisi ya bima haiwezi kumlazimisha mtu. Kampuni isiyoijali tuzo, au inayouza pikapu kwa waajiri wasiosoma habari za tuzo, haiguswi.

Breki za dharura zinazojifunga zenyewe ndizo zilizo njiani sasa. Mwezi Machi 2016 kampuni 20 zilikubaliana na NHTSA na IIHS kwa hiari kuziweka katika karibu magari yao yote mapya mepesi kufikia Septemba 2022. Pikapu nzito zaidi zilipewa miaka mitatu ya ziada, na hapo tena pikapu ikawa ya mwisho kwenye foleni. Kuna kampuni zilizotangulia: Toyota iliziweka katika madaraja yote ya Tacoma ya 2018, kuanzia SR ya chini. Ahadi ya hiari ilisaidia, lakini haikusema breki hizo zifanye kazi vizuri kiasi gani. Bunge liliamuru kanuni ya lazima katika sheria ya miundombinu ya Novemba 2021, na NHTSA ikaitoa mwezi Aprili 2024. Kanuni ilivyotolewa ilisema kwamba kuanzia Septemba 2029, mfumo huo utatakiwa kuzuia gari lisiligonge lililo mbele yake hadi mwendo wa takriban kilomita 100 kwa saa, na kuwatambua watembea kwa miguu mchana na usiku. Mamlaka ilikadiria kwamba kanuni hiyo ingeokoa maisha ya watu wasiopungua 360 kila mwaka. Mwezi Januari 2025 umoja wa kampuni za magari ulikwenda mahakamani kuipinga, ukisema masharti ya mwendo huo hayatekelezeki. Katika Umoja wa Ulaya, breki za namna hiyo, kwa viwango tofauti kidogo, tayari ni sharti kwa kila gari jipya jepesi tangu Julai 2024.

Anayedhani kwamba mambo haya ni ya vifaa vya kielektroniki tu na aitazame Afrika Kusini. Mwaka 2018 shirika la Global NCAP, ambalo hupima usalama wa magari kwa kuyagonganisha, lilipima pikapu ya Nissan NP300 Hardbody iliyokuwa ikiuzwa huko, nayo ikapata nyota sifuri kwa usalama wa watu wazima, kwa sababu umbo lake lilikunjika na kuacha nafasi ya dereva ikiporomoka. Novemba 2020 shirika hilo likatoa matokeo ya jaribio jingine: NP300 mpya ya 2019 iligonganishwa uso kwa uso na Nissan Navara iliyotumika, ya 2015, iliyouzwa Ulaya. Dereva wa gari jipya angekuwa na uwezekano mkubwa wa kufa. Dereva wa lile kuukuu angetoka akitembea. Hakuna daraja la juu la NP300 ambalo lingetibu hali hiyo, kwa kuwa tatizo lilikuwa katika mifupa ya gari, na mifupa huamuliwa na sheria ya soko ambalo gari linaundwa kuuzwa humo.

Yote niliyoyasema hadi hapa yanamhusu aliye ndani ya kebini. Yuko mwingine ambaye hana daraja lolote la kununua, naye ni anayetembea barabarani. Mwaka 2022 watembea kwa miguu 7,522 waliuawa na magari nchini Marekani, kutoka karibu 4,100 mwaka 2009. Sababu ni nyingi, zikiwemo barabara pana za mwendo kasi zilizokosa njia za miguu, na sitaki kuutupa mzigo wote kwa pikapu. Lakini utafiti wa IIHS uliotolewa Novemba 2023 ulionyesha kwamba gari lenye boneti inayozidi sentimita 100 hivi kutoka chini lina uwezekano wa karibu asilimia 45 zaidi wa kumuua mtu linayemgonga kuliko gari lenye boneti ya sentimita 76 au pungufu iliyolala kwa mteremko. Pikapu nyingi kubwa za Marekani ziko katika kundi hilo la kwanza. Uso wake mrefu na wima humpiga mtu mzima kifuani na mtoto kichwani. Vifurushi vya daraja la nje ya barabara huongeza urefu huo, kwa kuinua gari na kulivisha tairi kubwa zaidi, na mnunuzi hulipia ongezeko hilo kama urembo.

Ulaya ilianza kudai tangu 2005 kwamba sehemu ya mbele ya aina mpya za magari ipimwe kwa madhara yake kwa mwili wa mtembea kwa miguu. Marekani haijawahi kuwa na kiwango cha lazima cha namna hiyo kwa pikapu wala kwa gari dogo. Mwezi Septemba 2024 NHTSA ilichapisha pendekezo linalotaka boneti ziweze kupunguza pigo la kichwa cha mtu mzima na cha mtoto, gari likiwa katika mwendo wa hadi kilomita 40 kwa saa, na ikakadiria kwamba lingeokoa watu 67 kila mwaka. Nimelisoma pendekezo hilo kwa furaha na kwa masikitiko. Furaha, kwa sababu mtu aliye nje ya gari anatajwa kama anayestahili kulindwa na umbo la gari lenyewe. Masikitiko, kwa sababu linapima ulaini wa boneti na kuuacha urefu wake, na linahusu mwendo ambao barabara nyingi zinazoua watu huuzidi. Ningetaka liende mbali zaidi, liweke kikomo cha kimo cha uso wa pikapu kwa madaraja yote, lidai dereva aweze kumwona mtoto aliyesimama mbele ya bampa kama anavyoweza sasa kumwona aliyesimama nyuma, na tarehe yake ya kuanza iandikwe ndani ya sheria yenyewe ili isisogezwe kama ilivyosogezwa ile ya kamera.